Rimu za Katoro

Shemeji yangu alipoturudishia gari kutoka Nyarugusu, lilikuwa limeoshwa vizuri, lina mafuta nusu tangi, na tairi mbili za mbele hazikuwa zetu. Alilipaki chini ya mwarobaini, akamwamkia mama yake, akamkabidhi kaka yake funguo kwa mikono miwili, kisha akaanza kueleza kabla hajaulizwa.

Ilikuwa usiku, akitoka machimboni. Lori la mawe ya karasha lilikuwa mbele yake likadondosha jiwe. Akalikwepa, lakini tairi ya kulia ikaligonga na ya kushoto ikatumbukia korongoni. Rimu zote mbili za mbele zikapasuka mdomo na upepo ukatoka hapo hapo. Akalala ndani ya gari hadi alfajiri, akapanda bodaboda hadi Katoro, na Katoro, kwa wasioijua, ni mji ambao usipopata kitu ujue hakijafika bado Kanda ya Ziwa. Duka moja la spea za mtumba likamuuzia jozi ya rimu za Nissan X-Trail, tairi zikiwa zimeshafungwa. Muuzaji alimwambia ni tundu tano kwa tundu tano, umbali ule ule.

“Zimeingia zenyewe, shemeji,” aliniambia. “Hata nyundo sikutumia.”

Gari lenyewe ni RAV4 ya zamani, ile ya kwanza kabisa ambayo Toyota ilianza kuiuza mwaka 1994. Yetu ni ya 1998, milango mitano, gia za mkono, tairi ya akiba imening'inia mlangoni nyuma. Ni gari la nyumba nzima. Limewaleta wanangu wote kutoka hospitali, limebeba mchele wa mama mkwe kutoka Kahama misimu isiyohesabika, limepeleka wagonjwa na limefuata misiba. Ndiyo maana shemeji alipoomba kulitumia machimboni hakunyimwa. Yeye ni mchimbaji mdogo. Pale Geita mgodi mkubwa wa AngloGold Ashanti umekuwa ukifanya kazi tangu mwaka 2000, lakini riziki yake haitoki huko. Inatoka kwenye maduara ambayo vijana wanachimba kwa kuchangishana, wanagawana viroba vya mawe, wanasaga kwenye karasha na kuosha mwaloni. Safari hii Mungu alimfungulia. Aliuza dhahabu yake kwenye soko la madini la Geita, lile lililofunguliwa mwaka 2019, akapata hela ya mahari.

Na hapo ndipo uzito wa habari ulipokuwa. Wiki iliyofuata gari hilo hilo lilitakiwa kumbeba mama mkwe, baba mkubwa wa ukoo na mimi na mume wangu, kwenda Geita kumtolea mahari kijana huyo huyo.

Wa kwanza kushtuka alikuwa mama mkwe. Asubuhi mume wangu alimpeleka sokoni na magunia yake, na mama akarudi na maneno aliyoyasema akiwa bado hajashuka vizuri.

“Gari hili linachechemea.”

“Mama, ni barabara tu hiyo,” mume wangu akamjibu.

“Barabara ya Shinyanga naijua kabla hujazaliwa. Ni gari.” Kisha akanigeukia. “Mwanangu, wewe ndiye unayefundisha mambo haya. Hebu kaliangalie.”

Nafundisha fizikia sekondari, na jambo moja ninalowaambia wanafunzi wangu kila mwaka ni kwamba sikio la mzee ni kipimo kama vipimo vingine, kinachobaki ni kutafuta namba zake. Nikachukua funguo, nikaenda nalo barabara ya Mwanza hadi Ibadakuli na kurudi. Spidi ya 60 lilikuwa limetulia. Lilipokaribia 80 usukani ukaanza kutetemeka mikononi, si kwa nguvu, ila bila kukoma. Kwenye kona ya kuingia nyumbani likawa zito, linajivuta, kama halitaki kukunja. Nikaangalia dashibodi, nikaona taa ya kufuli la difu ya katikati inawaka.

Kwa asiyejua, RAV4 kama yetu inavuta kwa tairi zote nne muda wote. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna difu ya katikati, kazi yake ni kuruhusu mbele na nyuma zipishane kidogo, hasa kwenye kona. Ukikwama kwenye tope unabonyeza swichi, difu inafungwa, mbele na nyuma zinalazimika kuzunguka sawasawa. Ukitoka kwenye tope unatakiwa uifungue. Shemeji aliifunga kwenye tope za Nyarugusu akatoka nayo hivyo hivyo hadi lami, hadi Shinyanga. Nikaifungua. Uzito wa kwenye kona ukaisha. Mtetemo haukuisha.

Jioni ile nyumba iligawanyika. Mume wangu, mtu makini ambaye hajawahi kuchelewesha ada ya mtoto hata siku moja, alisimama upande wa mdogo wake. Hoja yake ilikuwa na mantiki: tundu ni tano, zimeingia bila kulazimishwa, kijana ameendesha kutoka Geita amefika salama, na mahari ni wiki ijayo. Hela iliyopo ni ya ng'ombe, si ya rimu. Mama mkwe alikuwa upande wa pili na hakuwa na hoja, alikuwa na masikio yake. Baba mkubwa alisema kwa simu kwamba yeye atapanda basi. Binti yangu wa kidato cha pili alisema tupime.

Basi tukapima. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilitoa vania kalipa yangu, niliyoinunua nikiwa chuoni, na kila mtu akaja chini ya mwarobaini, hata waliokuwa wamenuna.

Tulianza na tairi, kwa kuwa namba zake zimeandikwa ubavuni na hazihitaji ubishi. Za nyuma, zetu, zimeandikwa 215/70R16. Za X-Trail zilikuwa 215/65R16. Binti akazisoma kwa sauti, nami nikamfanyisha hesabu chini kwa kijiti. 215 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili ni asilimia ya upana huo inayokwenda kwenye kimo cha ubavu. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi yetu ikawa na kipenyo cha milimita 707, ya X-Trail 686. Zidisha kwa pai: yetu ikizunguka mara moja inakwenda sentimita 222, yao 215 na nusu.

Mume wangu alisema hiyo ni hesabu ya karatasi. Haki yake kusema hivyo. Tukachora alama ya chaki kwenye kila tairi pale inapogusa sakafu, tukasukuma gari kwenye zege la mbele ya stoo mpaka kila alama irudi chini, tukapima kwa futi ya cherehani ya mama. Sakafu nayo ikatoa tofauti ya sentimita 6 na ushei. Asilimia 3. Akainama, akapima tena mwenyewe, akanyamaza.

Asilimia 3 ni ndogo mpaka uiweke barabarani. Kila kilomita moja, mbele na nyuma zinatofautiana mita 30. Difu ya katikati ikiwa wazi inavumilia, lakini vijigia vyake, vilivyotengenezwa kupishana kwenye kona na kupumzika kwenye mnyoofu, vinazunguka muda wote bila kupumzika na mafuta yake yanapata moto. Difu ikiwa imefungwa hakuna pa kukimbilia: lazima tairi ziburuzwe au chuma kibebe. Kijana wetu alikuwa ameburuza gari hivyo kwenye lami kavu, mita 30 kila kilomita, kutoka Geita hadi nyumbani. Kwamba gia hazikukatika ni sifa ya waliolitengeneza. Naye, lazima niseme, alifanya jambo moja sahihi ambalo wengi hawalifanyi: aliweka jozi yote kwenye ekseli moja. Angeweka moja kushoto mbele na nyingine kulia nyuma, habari ingekuwa nyingine.

Tukapandisha mguu wa mbele kwa jeki, tukaweka gogo chini ya chesisi, tukaitoa rimu.

Hapo katikati ya habu pana kitovu cha chuma cha mviringo kinachoingia kwenye tundu kubwa la katikati la rimu. Watu wengi wanadhani tundu lile ni la urembo, la kuwekea kifuniko chenye nembo. Kwenye Toyota kama hii ndilo linaloiweka rimu katikati. Niliweka vania kwenye tundu la rimu yetu ya nyuma: milimita 60.1. Inakaa kwenye kitovu kama imepigwa muhuri. Nikaweka kwenye rimu ya X-Trail: 66.1. Milimita 6 zaidi, yaani upenyo wa milimita 3 kuzunguka pande zote. Shemeji alipitisha ncha ya kalamu mle ndani, akaizungusha, hakusema kitu. Rimu ilikuwa imekaa pale nati zilipoamua ikae, na nati haziamui sawasawa mara mbili. Mtetemo wa spidi 80 ulikuwa umepata jina.

Sasa nati zenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tairi zinapochomoka barabarani na watu wakasema ni bahati mbaya.

Nati ya rimu za aloi za RAV4 yetu ina shingo ndefu na washa bapa. Shingo inaingia ndani ya tundu, washa inalala bapa juu ya uso bapa wa rimu na kuubana kwa eneo lake lote. Rimu ya X-Trail haikutengenezwa hivyo. Mdomo wa kila tundu umechongwa mteremko kama faneli, usubiri nati yenye kichwa cha mteremko ule ule, ikae ndani yake na kuivuta rimu katikati. Nati yetu bapa ilikuwa imekaa juu ya ukingo wa ile faneli, inagusa duara jembamba tu la aloi. Tulipoitoa tukaiona alama yake: mstari unaong'aa, mwembamba kuliko uzi wa kushonea. Gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja na watu wake lilikuwa limeshikwa na mistari hiyo. Aloi ikisagika kidogo tu pale ukingoni, nati inalegea bila kuzunguka hata robo.

Lakini si nati zote zilikuwa zetu. Kwenye kila mguu mbili zilikuwa na kichwa cha mteremko, mpya kidogo, na ndizo zilizokuwa zimegoma kutoka. Nilimtazama shemeji. Akasema zilikuja na rimu kutoka dukani. Mbili za kwetu zilipotea gizani kila upande, akaona atumie hizo.

“Zilikuwa ngumu kuingia?”

“Ngumu kiasi. Fundi wa pale aliweka bomba kwenye spana.”

Stadi ya Toyota hii ni milimita 12 kwa unene, na nyuzi zake zimeachana milimita 1.5. Ya Nissan ni milimita 12 vilevile, ila nyuzi zimeachana milimita 1.25. Kwa macho ni kitu kimoja. Nilimpa binti rula ya mkebe wa hesabu na kioo cha kukuzia, nikamwambia ahesabu nyuzi kwenye milimita 15. Kwenye stadi yetu akahesabu 10. Ndani ya nati ya Nissan, baada ya kuingiza kijiti cha sabuni na kukitoa kikiwa na alama, akahesabu 12. Nati kama hiyo inaingia mizunguko miwili mitatu kwa vidole, kisha inakaza. Aliyezoea kazi anajua kukaza huko ni onyo. Asiyejua anadhani ni kutu na anaongeza bomba. Bomba linamaliza kazi kwa kukata nyuzi za stadi, na nati inabaki imebanwa na vipande vya chuma vilivyokatika. Stadi nne za mbele zilikuwa zimeliwa hivyo. Yaani kila mguu ulikuwa unashikiliwa na nati tatu za umbo lisilofaa na mbili za nyuzi zisizofaa.

Mume wangu aliketi kwenye kigoda. Alikuwa anaangalia zile stadi, na najua alichokuwa anakifikiria kwa sababu nami nilikuwa nakifikiria: mama yake amekwenda nalo sokoni jana yake.

Shemeji aliomba msamaha kwa mama yake kwanza, kisha kwetu. Mama alimwambia akae, ale, kwamba aliyefika na gari na roho yake hana deni usiku huo. Nilimpenda sana mama mkwe wangu kwa neno lile.

Tulipoanza kutafuta dawa, mawazo yalikuwa mengi. Shemeji alisema kuna spesa na ringi za plastiki za kujaza lile pengo la katikati. Zipo, na ringi nzuri ya kipimo kamili inafanya kazi yake. Lakini ringi haibadilishi umbo la mdomo wa tundu, haibadilishi kimo cha tairi, na rimu ile ilikuwa imekaa ndani zaidi kuliko yetu: kati ya tairi na shokapu palibaki nafasi ya kidole kimoja, na gari likiwa limejaa wazee na vifurushi kidole hicho kinaweza kisiwepo. Kurekebisha mambo manne kwa viraka vinne kwenye gari la kubebea familia, mimi siwezi kulisaini hilo. Rimu zile hazikuwa mbovu. Zilikuwa nzima kabisa, za gari jingine.

Wala sitaki mtu aelewe kwamba gari kuukuu lazima livae rimu nne pacha. Nani anazipata? Rimu za aloi za RAV4 ya 1998 kuzipata zenye sura ile ile Shinyanga ni kutafuta ndoto, na ukizipata zitakuwa zimeshapigwa na kunyooshwa. Sura inaweza kutofautiana. Kinachopaswa kukubaliana ni umbali wa tundu, tundu la katikati, umbo la nati na mdomo wake, kina cha ukaaji, na mzingo wa tairi unaoviringika chini. Vitano hivi vikikubaliana, gari linaweza kuwa na mbele ya rangi moja na nyuma ya rangi nyingine na likakufikisha Bukoba.

Kwa hiyo tuliacha kutafuta aloi, tukatafuta rimu za chuma za RAV4 ya kizazi kile kile. Mume wangu na mdogo wake walipanda basi kwenda Kahama, mji uliokua na magari ya migodi, Bulyanhulu tangu 2001 na Buzwagi iliyofuata, na ambao kwa spea za Toyota hauna mzaha. Walikwenda na karatasi yangu na vania yangu, na mume wangu, aliyesema Ijumaa kwamba tundu ni tundu, alimrudisha muuzaji wa kwanza stoo mara kadhaa kwa sababu tundu la katikati lilikataa. Alinipigia simu kunisomea vipimo. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuisikia tangu gari lirudi.

Walirudi na rimu mbili za chuma, nyeusi, zilizonyooka, tundu la katikati 60.1, pamoja na nati kumi za kichwa cha mteremko zenye nyuzi za 1.5, ndizo rimu zile za chuma zinazozitaka. Nami naisifu rimu ya chuma kwa barabara zetu: ikipigwa na jiwe inapinda na fundi anainyoosha, wakati aloi inapasuka na kukuacha porini. Tairi walizileta za 215/70R16, za mtumba. Tulizikagua juani. Zile namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni zinataja wiki na mwaka wa kutengenezwa, na tairi ikizeeka hukauka na kupasuka nyufa hata kama kashata zake zimejaa. Kashata tulizipima kwa kina cha vania, kwa sababu tairi mpya kabisa na iliyolika za namba moja nazo hazina mzingo mmoja. Zilipishana na zetu kidogo sana. Chaki na futi ya cherehani vikarudi sakafuni, na tofauti ikawa chini ya sentimita moja.

Fundi wetu wa hapa Shinyanga aligonga stadi nne zilizoliwa kutoka nyuma ya habu akaweka mpya, na akasugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, kwa maana kutu ikilala kati ya habu na rimu, rimu hailali bapa. Kisha mtindo wa gari ukabadilika: aloi zilizobaki zikahamia mbele na nati zao bapa, chuma zikaenda nyuma na nati zao za mteremko. Aina mbili za nati kwenye gari moja ni hatari ya siku ya pancha usiku. Binti akachukua rangi yake ya kucha, nyekundu, akapaka vichwa vya nati zote za nyuma, na kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kisanduku cha dashibodi akaandika kwamba nyekundu ni za rimu nyeusi tu. Karatasi hiyo inaeleza pia nati zipi zifunge tairi ya akiba.

Ikabaki kukaza. Kipimo cha Toyota kwa nati hizi ni nyutonimita 103. Gereji zilizo karibu nasi hazina spana ya kupimia, zina bomba na kifua cha kijana, na kifua kinakaza kupita kiasi mara nyingi kuliko kinavyolegeza. Stadi inavutika, na siku moja inakatika. Nilikuwa nikilifikiria jambo hili nikiwa jikoni, na mama mkwe alikuwa anapanga mawe ya mizani yake ya mchele kwenye sanduku. Mawe yale Wakala wa Vipimo huyakagua na kuyapiga chapa. Hakuna uzito wa kuaminika zaidi katika nyumba yetu.

Nyutonimita 103 ni sawa na kilo 10 na nusu zinazoning'inia kwenye mkono wa urefu wa mita moja. Tulichukua spana ya 21 tukaichomekea bomba, tukapima mita moja kamili kutoka katikati ya nati, tukatia alama. Spana na bomba zilikuwa na kilo 2, na uzito huo unafanya kazi katikati ya urefu, yaani unahesabika kilo moja. Zikabaki kilo 9 na nusu. Mama alizihesabu mwenyewe kwenye kikapu kidogo: jiwe la kilo 5, mawili ya kilo mbili mbili, na la nusu. Gari likiwa chini, breki ya mkono imevutwa, nati zimeshakazwa kwa mkono na kwa mpangilio wa nyota, tukaweka bomba likiwa sawa na ardhi, tukatundika kikapu pale kwenye alama na kukiachia taratibu, bila kudunda. Nati ikizunguka, bomba linashuka. Unarudisha bomba, unatundika tena, mpaka kikapu kining'inie na bomba lisishuke. Hapo imetosha.

Tulikaza nati zote hivyo, ekseli ya mbele na ya nyuma, mama akiwa amekaa kwenye kigoda kile kile akisema “bado” au “basi.” Shemeji ndiye aliyetundika kikapu. Mikono yake imezoea moko na nyundo, lakini siku ile aliachia kikapu kwa upole ambao sijauona kwa mtu anayefunga tairi. Nadhani kila gereji ya Kanda ya Ziwa inaweza kufanya hivi kesho asubuhi, na ningefurahi wakifanya.

Safari ya Geita tuliianza alfajiri, baba mkubwa akiwa ndani ya gari, kwa kuwa alikuwa amesikia habari za mawe ya mizani na akasema uzito wa mama anauamini. Tulipita Maganzo, njia panda ya Mwadui kwenye almasi za Williamson za tangu 1940, tukafika Hungumalwa. Pale tulisimama chini ya mti, tukatoa bomba na kikapu. Rimu ikishafungwa upya hukaa vizuri zaidi ikitembea, na nati zinatakiwa kukaguliwa baada ya kilomita 50 hadi 100. Watu wa stendi walitushangaa. Nati mbili za nyuma zilikubali nywele tu kabla bomba halijasimama. Zilizobaki hazikutikisika.

Spidi ya 80 usukani ulitulia. Usagara tukakata kushoto, tukapita daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya ghuba ambayo zamani tuliisubiria kivuko saa nzima na zaidi, na mama mkwe akaomba tupunguze mwendo aangalie maji. Sengerema tukanunua maji ya kunywa. Geita tulifika jua likiwa bado halijawa kali.

“Mwadila,” mama aliwaambia wakwe zake mlangoni, ingawa ilikuwa bado mapema kwa salamu hiyo ya Kisukuma ya mchana, na wote wakacheka wakampokea. Mahari ilipokewa. Maneno yake ni ya wazee, siyaandiki hapa.

Rimu za X-Trail tulikuwa nazo nyuma ya gari, tukikusudia shemeji azirudishe Katoro. Hazikufika huko. Baba mdogo wa bibi harusi ana X-Trail, na ya kwake ilikuwa na rimu moja iliyopasuka, amekuwa akiitembelea kwa tairi ya akiba. Aliziviringisha hadi uani kwake. Akasoma ubavu wa tairi, akasoma na za gari lake: 215/65R16 zote. Akachukua nati zake mwenyewe, akazijaribu kwenye stadi zake kwa vidole mpaka mwisho, ndipo akauliza bei. Shemeji alimpunguzia elfu ishirini kwa kuwa sasa ni mkwe, na hela iliyobaki akampa mama kufidia hela ya mchele aliyoikopesha kwa safari ya Kahama.